Mzaramo Kwenye Msiba wa Kwihara

Gari lililoleta maiti ya Emilian liliingia Kwihara saa tatu asubuhi, siku ya Alhamisi, na kabla Majidi hajateremsha mguu wa pili, mwanamke mmoja mnene akampaka majivu uso mzima.

"Mzaramo katuulia mtoto!" mwanamke yule alipiga kelele. "Mkamateni, atatoroka huyu!"

Watu waliokaa chini ya turubai wakacheka huku machozi yakiwa bado mashavuni. Majidi alisimama palepale na majivu yake. Alijua vizuri anachotakiwa kufanya. Alitakiwa aseme kwamba hakuja msibani, amekuja kutafuta Wanyamwezi wa kumbebea mizigo, au amvue yule mama kitenge akimbie nacho, chochote kile. Alichosema ni, "Shikamoo, mama," kwa sauti ndogo, na watu wakacheka zaidi, wakidhani hiyo nayo ni mbinu.

Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara, wakati babu za Emilian waliposhuka pwani na pembe mabegani, na babu za Majidi wakawalisha, wakawapunja, wakawauguza, na waliokufa wakawazika. Watu wawili mkipita njia moja mara nyingi kiasi hicho, ama mnachinjana ama mnataniana. Walichagua kutaniana, na wakauwekea utani sheria moja kubwa: mtani hakasirikiwi. Akuchukulie kuku wako mbele ya macho yako, amseme marehemu kabla hajafukiwa, ajilaze kaburini agome kutoka, wewe cheka. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Watu huisifu sana sheria hiyo kwa sababu wengi wao haijawahi kuwabana.

Majidi hakuwa amelala tangu Dar es Salaam. Vivuko vya Unguja vilisimama siku mbili kwa ajili ya kimbunga, na bahari ilipotulia kidogo akavuka na jeneza, akatafuta gari, akapanda nyuma akaketi kando yake. Morogoro ikapita, Dodoma ikapita. Manyoni dereva alimnunulia chai, akainywa yote, na ni baadaye tu alipoona kwenye kioo cha gari kwamba midomo imebabuka. Hakusikia moto. Toka Jumapili alikuwa hasikii kitu, si njaa, si baridi, si huzuni, na jambo hilo nalo halikumshtua. Alikuwa amebeba neno moja tu la kumwambia mama yake Emilian. Akishalisema, wamfanye wanavyotaka.

Mama huyo, Recheli, alikuwa amekaa ndani kwenye mkeka, miguu imenyooka, kanga imefungwa kiunoni. Walikuwa hawajawahi kuonana, ila walikuwa wanajuana. Miaka minne mfululizo Emilian alikuwa akimpigia mama yake simu kila Jumapili jioni, na kabla ya kuagana humpa Majidi simu ili mama amtanie kidogo.

"Mwangaluka, mama," Majidi alisema. Salamu hiyo alifundishwa na Emilian.

"Mwangaluka, Mzaramo wangu." Recheli alimshika mikono yote miwili. "Kumbe una sura. Nilidhani wewe ni sauti tu."

"Mama, nina neno."

"Unalo, najua. Ninyi hamkosi." Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa tayari umeanza kutabasamu. "Lihifadhi kwa ajili ya kaburini. Usilimalizie kwangu peke yangu, waache na wenzangu wapate. Nina siku nne sijapumua."

Akamsukuma nje kwa upole, na wanawake wakaingia kumvika Recheli nguo za mazishi.

Neno lenyewe lilikuwa hili.

Emilian, mtu wa Kwihara, aliyekulia kwenye tumbaku na mizinga ya nyuki, ambaye utotoni maji mengi aliyoyaona ni ya ndoo, alikuwa mwalimu wa kaiti kule Paje. Kaiti ni bawa la kitambaa, pana kama paa la jiko, lenye kamba ndefu zinazoshuka mpaka kwenye mkanda wa kiunoni. Upepo unavuta bawa, bawa linakuvuta wewe, nawe umesimama juu ya ubao unateleza baharini. Watalii walikuwa wakimpenda Emilian kwa sababu alikuwa mkali. Siku ya kwanza hakumruhusu mwanafunzi kugusa maji. Alimketisha mchangani akamkaririsha. Ukiona mstari mweusi juu ya maji, toka. Upepo ukifa ghafla na wingu limesimama, toka, maana upepo huo unavuta pumzi. Ukichelewa, achia ufito wa mkononi unaoongozea kaiti. Ikizidi kukuvuta, sukuma kifyatulio chekundu cha kifuani. Bado? Jikate kabisa, iache iende zake, kaiti ziko nyingi.

Na kubwa kuliko yote: aliye majini hutazama kaiti yake, anayetazama mawingu ni aliye nchi kavu. Huyo wa nchi kavu akikupungia mikono miwili juu ya kichwa, usiulize kuna nini. Toka.

Wa nchi kavu wa Emilian alikuwa Majidi. Kazi yake ilikuwa kurusha kaiti, kuzidaka zinapotua, na kutazama mawingu. Wiki ile redio ilitangaza kwamba kimbunga kinakuja kutoka bahari kuu. Wageni wakafungasha, shule ikafunga milango, wavuvi wakapandisha vyombo. Upepo ulioanza kukitangulia kimbunga ulikuwa mzuri kupita kiasi, na Emilian, kwa ukali wake wote, alishindwa kuutazama bila kuuonja. "Dakika kumi," alisema Ijumaa. "Wewe tazama mawingu."

Ijumaa ile mawingu yalikuwa mbali. Majidi alimpungia mikono miwili hata hivyo. Emilian akatoka mbio, akaiangusha kaiti, akaikunja na mchanga wake wote, akakimbia na ubao kichwani mpaka kwa muuza kahawa, na hapo akamkuta Majidi amekaa anacheka mpaka ameshika mbavu. "Mnyamwezi na maji wapi na wapi!" Jumamosi akamfanyia tena, safari hii akipiga kelele kwamba mamlaka ya hali ya hewa imetangaza. Emilian akatoka tena, maana kanuni ni yake mwenyewe. Pwani nzima hakuna mtu mwingine angethubutu kuichezea ishara ile. Hata watoto wa pale, waliozoea kuchezea kila kitu, ile hawaigusi. Lakini hao walikuwa watani, na kwa mtani hakuna kitu kilichofungwa. Emilian hakukasirika. Angekasirikaje? Alifuta mchanga usoni, akacheka, akasema, "Mzaramo, mara ya tatu hunipati ng'o."

Jumapili saa nne asubuhi, nyuma ya Emilian, mstari mweusi ulitokea juu ya maji. Majidi alipunga mikono miwili. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Emilian alimwona. Alicheka, Majidi aliyaona meno yake, akainua kidole gumba, akageuza ubao akarudi zake ndani. Yote hayo labda dakika moja, na dakika moja ingetosha. Kisha kaiti ikapanda wima na Emilian naye akapanda, akapita juu ya ufuko mzima, akaukuta ukuta wa mawe. Kifyatulio chekundu kilikuwa kifuani palepale, hakijaguswa. Upepo haukumpa nafasi ya kukumbuka mikono yake iko wapi.

Polisi waliandika upepo mkali. Daktari naye aliandika alichoandika. Hakuna aliyeuliza habari za mikono, na Majidi hakusema.

Saa sita mchana wakaenda makaburini, nyuma ya shamba la karanga. Mchungaji wa Moravian alikuwa na kitabu chake, akasoma, wakaimba. Jeneza lilipoletwa ukingoni, mchungaji akafunga kitabu akasogea pembeni bila kuambiwa. Amezika watu wengi pale na anajua zamu ya nani inafuata.

"Mtani!" aliita Jilala, mjomba wa marehemu, aliyekuwa anasimamia mazishi. "Mbona umepoa hivyo? Shughuli yako hiyo. Watu wanasubiri."

Majidi akavua viatu, akaingia kaburini. Udongo ulikuwa mwekundu na wa baridi. Aliona kwamba ni wa baridi kwa sababu vidole vyake vilikunjamana. Vichwa vilimzunguka juu pande zote. Recheli alikuwa mbele kabisa, ameshikiliwa na binti yake Julieth. Majidi alimtazama yeye tu.

"Emilian nimemuua mimi," alisema.

Kicheko kikalipuka. Huo ndio mwanzo hasa! Mtani yeyote anayezijua kazi zake huanza hivyohivyo. Alipokufa baba yake Emilian, Mzaramo wa mjini Tabora alisimama kwenye kaburi la jirani na hilo akatamka kwamba kamuua yeye, kwa sababu mzee alikuwa mchoyo wa asali.

"Kwa kosa gani?" Jilala aliuliza, kama inavyoulizwa.

"Hakuwa na kosa."

Wakacheka. Hilo lilikuwa jipya.

"Sikilizeni, jamani. Sitanii. Yeye alikuwa majini, mimi nchi kavu. Kazi yangu ni kumwita hatari ikija. Hivi." Akainua mikono miwili juu ya kichwa, akaipunga. "Ijumaa nikamwita, hakuna hatari. Akaja mbio, kaiti na mchanga, ubao kichwani."

"Ubao kichwani!" mtu alipokea. "Mnyamwezi huyo! Hawezi kuona kitu asikibebe!"

"Jumamosi nikamwita tena. Hakuna kitu. Akaja tena."

Wanawake walikuwa wanashikana. Yule mnene wa majivu alikuwa ameshakaa chini. Majidi aliongea polepole, uso mkavu, bila hata kupepesa, na ugumu wa jambo ulikuwa hapohapo. Watani wa siku zote huongeza chumvi, hujichekesha wenyewe. Huyu alisimama mule shimoni kama shahidi mahakamani, na Kwihara ilikuwa haijawahi kuona mtani mwenye uwezo wa namna hiyo. Kila alipozidi kusema kweli, ndivyo walivyozidi kuvunjika mbavu.

"Jumapili hatari ikaja kweli. Nikamwita. Mama, nilimwita hivi, nilimwita kwa nguvu zangu zote. Akaniona. Akacheka. Akanifanyia hivi," akainua kidole gumba, "akarudi ndani. Kwa hiyo nimemuua mimi. Nilimzoesha uongo. Nimekuja kukwambia, mama, ujue."

Recheli alicheka. Alicheka kwa sauti ambayo watoto wake hawakuisikia tangu baba yao afe, akamlalia Julieth begani, kanga imemvuka kichwani, machozi yanatiririka. "Ee Mungu wangu! Ndiye Emilian huyo! Mbishi yule! Kidole gumba! Hata mimi alikuwa ananifanyia hivyohivyo nikimtuma kisimani!"

"Mama, ni kweli," Majidi alisema.

"Kweli tupu!" Recheli alijibu, akipangusa macho. "Mpeni jogoo wake atoke, mwanangu apumzike."

Wakamshushia jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Wakamvuta juu kwa mikono. Jeneza likashuka, na Majidi alitupia udongo wake kama wengine, jogoo kwapani.

Nyumbani Julieth alimletea maji ya kunawa. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Ntalikwa, na ndiye peke yake ambaye Majidi hakumwona akicheka kaburini. Alimmiminia maji mikononi taratibu. Majivu yalikuwa bado yamemganda masikioni, akamwonyesha na huko.

"Kaka Majidi," alisema, bila kuinua macho. "Yale ya mikono. Ulimpungia kweli?"

Majidi aliacha kunawa. Alijisikia kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa chumba cha pili.

"Kweli."

"Ijumaa na Jumamosi, kwa uongo?"

"Kwa uongo. Halafu Jumapili ikawa kweli, akakataa."

Julieth alimtazama sasa. Alimtazama usoni muda mrefu, anasubiri. Majidi akajua anasubiri nini: anasubiri mkia wa ile stori, pale ambapo mtani huwa anaimalizia. Yeye hakuwa na mkia. Alikaa tu na mikono inayochuruzika maji. Na Julieth, alipoona uso ule haubadiliki kabisa, midomo ikaanza kumcheza, akajizuia, ikamshinda, akacheka mpaka birika likamponyoka.

"Wewe ni hatari," alisema, akiokota birika. "Nilikuwa nimeshaingia mkenge. Asante, kaka. Nilidhani leo sitaweza kucheka."

Akaenda kumsimulia mama. Majidi alisikia kicheko kikianza upya jikoni.

Akaletewa ugali na mlenda wa karanga, na paja la kuku. Akala. Hakujua anakula nini mpaka alipokuta mfupa. Aliwaza kwamba angeweza kusimama apige kelele, avunje kitu, aseme wallahi. Lakini mtani huvunja vitu na mtani huapa. Hapakuwa na tendo lolote lililobaki duniani ambalo lingewafanya watu wale wamkasirikie, na yeye alikuwa amesafiri nchi nzima kuja kukasirikiwa. Kama wangempiga angeshukuru. Badala yake walikuwa wanamwongezea mchuzi.

Saa kumi jioni pikipiki ilisimama barabarani, akashuka mwanamke aliyefunga kanga mbili nyeusi, mikono kichwani, analia kuanzia kwenye miembe hadi uani. Alikuwa Marcelina, shangazi yake Emilian, aliyeolewa Ulyankulu. Mvua zilikuwa zimekata njia, mazishi yamempita. Aliposikia kwamba mtoto ameshafukiwa, akaanguka kwenye vumbi, akagoma kuinuliwa. Wanawake wakaanza kulia naye upya, na msiba uliokuwa umetulia ukarudi mwanzo.

Recheli alitoka ndani akamshika wifi yake mabega. "Marcelina. Nyamaza kwanza, dada. Inuka umsikilize mtani. Majidi! Njoo, baba. Mwambie shangazi yako ile ya mikono. Hakusikia."

"Mama, nimeshasema."

"Sema tena. Kwa ajili yangu."

Watu wakageuza viti. Waliokuwa wanaondoka wakarudi. Majidi alisimama katikati ya ua, na kwa sababu Recheli alikuwa anamtazama vile, akaanza.

"Emilian nimemuua mimi," alisema.

Marcelina akainua kichwa kutoka kwenye vumbi.

Akasimulia. Ijumaa. Jumamosi. Alipofika kwenye ubao kichwani aliona mikono yake mwenyewe imejiinua kushika ubao ambao haupo, na miguu inakimbia palepale kwa jinsi Emilian alivyokuwa akikimbia, magoti nje. Watu wakapiga makofi. Akamwomba Julieth kanga, akaipeperusha, ikawa kaiti. Alipofika Jumapili alipunga mikono, kisha akanyamaza. Alinyamaza kidogo, si sana, mpaka ua mzima ukawa kimya unamsubiri, ndipo akainua kidole gumba. Kicheko kikaja palepale alipokitegea.

Alikuwa amekitegea. Hilo ndilo lililomfikia. Kaburini alisema kwa sababu alitaka wajue. Hapa alikuwa amesubiri, amepima, akakitoa kidole wakati wake hasa, kama mtu anayeifahamu kazi yake, na moyoni, kwa kitambo kidogo sana, alikuwa amefurahi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili Majidi alisikia kitu, nacho kilikuwa maumivu, yakaingia yote kwa pamoja. Aliyaona meno ya Emilian. Aliuona ukuta. Akakaa chini na kanga mkononi, akalia. Alilia kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, kamasi zinamtoka, akimwita Emilian kwa jina, akimwambia toka, toka, ndugu yangu, sasa hivi si uongo.

Ua mzima uliangua kicheko. Jilala alimwegemea mchungaji. Yule mama mnene alikuwa anapiga ardhi kwa kiganja. Recheli alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, anaomba aachiwe apumue. Watani huwa wanalia misibani, hujipaka mate machoni, hugaragara. Lakini kulia kule hawakuwahi kukuona.

Shangazi Marcelina alijipangusa vumbi na machozi, akasogea mbele kwa magoti apate kuona vizuri.

"Rudia hapo mwisho, mwanangu," alisema. "Hapo pa kulia."